Kumchagulia Mzazi Kompyuta ya Mezani ya Bei Nafuu, Mtwara na Lindi

Kompyuta ya mezani anayonunuliwa mzazi aliyeko Newala, Nachingwea au Mikindani inapaswa kutimiza masharti mawili ambayo muuzaji hayataji: ivumilie hali ya nyumba itakamowekwa, na iweze kutengenezwa na fundi aliye karibu na nyumba hiyo. Mara nyingi mtoto aliyeko Dar es Salaam hutazama jina la kampuni na bei peke yake, akanunua kasha zuri (kompyuta yenyewe bila skrini), kisha mzazi akabaki na mashine isiyoingiliana na skrini aliyonayo, isiyo na njia ya kupata intaneti, na inayozimika kila umeme unapoyumba. Ukiwa na laki sita, usitumie laki tano na nusu kwenye kasha, kwa maana vifaa vinavyoizunguka kompyuta ndivyo vitakavyoamua kama itatumika au itafunikwa kitambaa.

Kabla ya kwenda dukani, mpigie simu mama au baba, na baada ya shikamoo na habari za shamba umuulize kwa utaratibu anataka kuifanyia kazi gani. Katibu wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, huko Tandahimba au Ruangwa atahitaji kutunza orodha ya wakulima, kilo walizopeleka ghalani na malipo yao. Mwalimu mstaafu huenda akataka kuandika mazoezi ya wanafunzi wa masomo ya ziada na kusoma magazeti. Mama mwenye duka atataka daftari la mauzo na madeni, pamoja na kuonana kwa video na watoto walio mbali. Kazi zote hizi ni nyepesi kwa kompyuta ya kawaida ya ofisini. Wajukuu wataomba mashine ya kuchezea gemu. Maombi yao yasikilizwe kwa upole, lakini yasiingizwe kwenye bajeti.

Kuna hali moja ambapo ni afadhali kununua laptopu, nayo ni pale nyumba inapotegemea sola ndogo, au umeme unapokatika kwa saa nyingi karibu kila siku. Vinginevyo kompyuta ya mezani humfaa mzee zaidi, kwa kuwa skrini yake ni kubwa na hukaa usawa wa macho, kipuri kimoja kikifa hubadilishwa chenyewe bila kugusa vingine, na haibebwi kwapani na mjukuu anayerudi chuoni.

Mashine yenyewe

Kwa fedha kidogo, kompyuta ya ofisini iliyotumika ni bora kuliko mpya ya bei ya chini kabisa. Familia tatu zinazopatikana kwa wingi ni Dell OptiPlex, HP ProDesk na EliteDesk, na Lenovo ThinkCentre. Hizi hutengenezwa kwa ajili ya makampuni yanayozinunua kwa mamia na kuzibadilisha baada ya miaka michache, ndiyo maana zinapofika kwetu zikiwa mtumba bado zina nguvu na vipuri vyake vimejaa sokoni. Huja kwa maumbo matatu: mnara mkubwa, kasha jembamba linaloweza kulazwa chini ya skrini, na ile ndogo kabisa yenye ukubwa wa kitabu kinene. Mimi humshauri mtu achukue kasha jembamba, kwa sababu linafunguka bila shida, lina nafasi ya diski ya pili, na RAM yake (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ni ya kawaida ya kompyuta za mezani. Ile ndogo hutumia RAM ya laptopu na chaja ya nje, na ina sifa ya kula umeme kidogo sana, kwa hiyo ifikirie kama nyumba ina inveta. Ile ambayo kila kitu kimefungiwa ndani ya skrini iache, hata ikiwa nzuri machoni, kwa maana skrini ikifa imekufa yote, na si kila fundi yuko tayari kuifungua.

Muuzaji akikuambia kwamba ni "Core i7", hajakuambia kitu mpaka akuonyeshe namba zinazofuata. Katika prosesa (ubongo wa kompyuta) za Intel za aina hii, tarakimu ya kwanza baada ya kistari, au mbili za kwanza pale namba inapokuwa na tarakimu tano, huonyesha kizazi: i7-2600 ni ya kizazi cha 2, iliyotoka mwaka 2011; i5-6500 ni ya kizazi cha 6; i5-8500 ni ya kizazi cha 8; na i5-10500 ni ya kizazi cha 10. Jambo hili lina uzito kwa sababu Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Kwa hiyo i3-8100 ya bei ya chini itamfaa mzazi kwa miaka mingi kuliko i7-2600 inayosifiwa dukani. Mafundi wanajua namna ya kuilazimisha Windows 11 ikae kwenye mashine ya zamani, nayo hukaa, lakini Microsoft haiihesabu mashine hiyo kuwa inafaa na haiahidi kwamba masasisho yataendelea kuifikia.

Ikiwa bajeti inakomea kwenye kizazi cha 4 au cha 6, usikate tamaa. Linux Mint na Ubuntu, mifumo inayokaa mahali pa Windows, hazilipiwi, hutembea vizuri kwenye mashine hizo zikiwa na SSD (diski isiyozunguka), na LibreOffice hufungua barua na majedwali ya Word na Excel, ingawa mpangilio wa ukurasa unaweza kusogea kidogo. Mzazi ambaye hajawahi kutumia Windows hatahisi upungufu wowote. Aliyeizoea ofisini kwa miaka ishirini atahisi, na huyo mtafutie kizazi cha 8.

RAM iwe GB 8. Windows 11 inakubali hata GB 4, lakini mtumiaji ataona uzito mara tu atakapofungua kurasa tatu za intaneti kwa pamoja. Uhifadhi uwe wa SSD ya GB 240 au 256; diski ya kuzunguka iwe ya akiba tu, kwa sababu hakuna badiliko lingine la bei ndogo linaloifanya kompyuta ya zamani iwe nyepesi kama kuwekewa SSD. Ukitaka kuongeza RAM baadaye, kumbuka kwamba DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, hata ukiilazimisha.

Skrini na tundu lake

Macho ya mtu mwenye miaka sitini na kitu yanastahili skrini ya inchi 22 au 24, yenye nukta 1920 kwa 1080. Skrini za zamani za umbo la karibu mraba huuzwa kwa bei ndogo na zinafaa kwa kuandika barua, lakini jedwali la korosho lenye safu kumi na mbili halitaenea humo. Ukikagua skrini iliyotumika, fungua ukurasa mweupe mtupu, kisha mweusi mtupu: mweupe utaonyesha umanjano, mistari na nukta zilizokufa, na mweusi utaonyesha pembe zinazovuja mwanga. Iache ikiwaka kwa nusu saa, maana baadhi hupepesa zikishapata joto.

Makosa mengi ya kutoingiliana hutokea kwenye tundu la picha. Kompyuta nyingi za ofisini hazina HDMI. Zina DisplayPort, wakati mwingine na VGA. Skrini ya bei ndogo nayo huwa na VGA peke yake, au VGA na HDMI. Andika kwenye karatasi matundu ya pande zote mbili kabla ya kulipa. Zikikutana DisplayPort kwa DisplayPort, au VGA kwa VGA, waya mmoja unatosha. Zisipokutana, unahitaji adapta, na adapta ina upande wa kuingilia na upande wa kutokea: ile iliyotengenezwa kutoa picha kwenye DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya skrini haifanyi kazi ikigeuzwa, japokuwa plagi zinaingia kila upande. Kutoka DisplayPort au HDMI kwenda VGA adapta lazima iwe na chipu ndani yake, kwa sababu inageuza aina ya mawimbi yenyewe; waya mtupu wenye plagi hizo mbili hautatoa picha. Jambo jingine ambalo husahaulika ni kwamba VGA haibebi sauti. Baadhi ya makasha ya ofisini yana spika ndogo ya ndani inayotosha kusikia taarifa ya habari, na kama haipo, spika ndogo za kuchomeka zitahitajika.

Ukiona kwamba kasha lina sehemu ya kuchomeka waya wa skrini karibu na sehemu za USB na nyingine chini kabisa, hiyo ya chini ni ya kadi ya picha ya ziada. Kadi ikiwepo, skrini ichomekwe hapo. Fundi mmoja anaweza kuitwa mara mbili kwa tatizo hili dogo.

Umeme wa nyumba

Nguvu ya umeme kwetu ni volti 230, na kompyuta nyingi za ofisini hujirekebisha zenyewe. Hata hivyo, tazama nyuma ya kasha: baadhi ya mashine za zamani, hasa zilizotoka Marekani, zina swichi ndogo nyekundu yenye alama za 115 na 230. Ikiachwa kwenye 115, kuiwasha mara moja tu kunatosha kuunguza kifaa cha umeme cha ndani. Kifaa hicho kwenye HP na Dell hakifuati umbo la kawaida, kwa hiyo kikiungua hutafutwa kingine cha familia ileile, jambo ambalo ni rahisi kwa kompyuta iliyoenea na gumu kwa isiyojulikana.

Kifaa ambacho nisingekubali kukiacha ni UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme unapokatika. Yenye VA 650 hubeba takriban wati 360, ilhali kompyuta ya ofisini na skrini yake kwa kazi za kawaida hutumia wati 60 hadi 100, kwa hiyo betri mpya itampa mzazi dakika kumi hadi ishirini za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Hazimtoshi kumaliza barua ndefu, na umweleze hivyo mapema ili asione kwamba ameuziwa kitu kibovu. Chomeka kasha na skrini kwenye UPS. Printa ya leza ichomekwe ukutani, kwa sababu inapopasha joto huvuta umeme mwingi kwa mkupuo na inaweza kuizima UPS. Betri ya ndani ni ya risasi na tindikali, hudumu miaka miwili au mitatu, na joto huipunguzia umri, hivyo isiwekwe dirishani linakopiga jua la mchana. Ukipewa UPS iliyotumika, hesabu gharama ya betri mpya juu ya bei yake.

Kuna mpangilio mmoja ndani ya BIOS (menyu ya mipangilio inayofunguliwa kabla ya Windows kuanza) ambao wengi hawaugusi: unaohusu kile kompyuta itakachofanya umeme unaporudi. Uuweke ibaki imezima. Umeme unaporudi kwa kuyumbayumba, mashine inayojiwasha na kuzimika mara tatu mfululizo ndiyo inayoharibu mafaili.

Mzazi akilalamika kwamba kasha linamtekenya anapoligusa, usilichukulie kuwa jambo la uzee. Mara nyingi ni dalili kwamba nyumba haina waya wa ethi uliounganishwa vizuri, au kwamba plagi ya pini tatu imebadilishwa kuwa ya pini mbili. Aitwe fundi umeme kabla kompyuta haijaendelea kutumika, na ekstensheni iwe ya pini tatu za kweli.

Kuhusu Luku, hesabu ni fupi: wati 80 kwa saa 4 kila siku ni uniti 0.32 kwa siku, yaani chini kidogo ya uniti 10 kwa mwezi.

Chumvi, vumbi na salfa

Mikindani, Mtwara mjini, Lindi na Kilwa hupuliziwa upepo wa bahari wenye chumvi, na chumvi ikikutana na unyevu hula chuma na sehemu za kugusana za RAM na nyaya. Nyumba iliyo karibu na maji inahitaji kompyuta ikae chumba cha ndani, mbali na dirisha lililo upande wa bahari, na iwashwe angalau mara chache kwa wiki, kwa maana joto lake lenyewe hukausha unyevu. Huko juu kwenye uwanda wa Makonde adui ni vumbi jekundu, ambalo hujaa kwenye feni mpaka mashine inanguruma. Kasha lisikae sakafuni, na lifunguliwe na kupulizwa vumbi kila baada ya miezi sita, likiwa limechomolewa.

Jambo ambalo mwongozo wa kiwandani haulijui ni salfa. Katika kaya za wakulima wa korosho, mifuko ya salfa ya unga hununuliwa kabla ya msimu wa kupulizia na mara nyingi huwekwa stoo ya ndani au pembeni mwa sebule, penye ulinzi. Salfa huigeuza shaba na fedha kuwa nyeusi, na ndani ya kompyuta sehemu nyingi za kupitisha umeme ni za madini hayo. Unga huo ni mwepesi, hupita chini ya mlango, na feni ya kompyuta huuvuta moja kwa moja. Kwa hiyo ama salfa ihamishwe, ama kompyuta ihamishwe. Visilale chumba kimoja. Nguo na mabomba ya kupulizia vivyo hivyo vibaki nje.

Kitambaa cha kufunika ni kizuri, mradi kiwekwe mashine ikiwa imezimwa na kupoa. Nimekuta kanga nzuri kabisa ikiwa imefunika kasha linalofanya kazi, na feni ikilia kwa kukosa hewa.

Vifaa vilivyobaki

Kibodi na mausi viwe vya waya, kwa kuwa vya betri huishiwa nguvu wakati duka limefungwa. Kwa bidhaa za mtumba angalia kwamba herufi zimepangwa kwa Kiingereza, yaani safu ya juu inaanza na QWERTY. Ile ya Kifaransa huanza na AZERTY na ya Kijerumani huanza na QWERTZ, nazo zitamchanganya mzazi bure. Kamera ya USB ya bei ya kawaida inatosha, ila hakikisha ina maikrofoni ndani yake, kwa sababu kompyuta ya mezani haina.

Kompyuta nyingi za ofisini hazina Wi-Fi pia. Unaweza kununua kifaa kidogo cha USB cha kupokea Wi-Fi, lakini kwa mzazi mwenye simu ya Android ipo njia isiyo na gharama: aunganishe simu kwa waya wa USB na kuruhusu itoe intaneti kwa njia hiyo, huku simu ikichaji. Kisha uiambie Windows kwamba mtandao huo ni wa kupimwa (metered), la sivyo masasisho yatamaliza bando usiku mmoja, na mzazi ataamini kwamba kompyuta inakula fedha.

Printa inunuliwe tu kama kuna kazi ya kila wiki. Printa ya wino wa tangi ina gharama ndogo kwa kila ukurasa na huchapisha rangi, lakini wino hukauka kwenye vichwa vyake ikikaa bila kutumika. Leza ya rangi nyeusi inaweza kukaa miezi mitatu na bado ikachapa, na kwa katibu wa AMCOS ambaye karatasi zake hujazana msimu unapofunguliwa Oktoba na kupungua sana baadaye, ningemchagulia hiyo. Kabla ya kulipa, ulizia Mtwara au Masasi kama tona ya namba hiyo inapatikana. Printa ya bei ya kutupa ambayo katriji yake hupatikana Kariakoo tu ni ghali.

Kununua, kusafirisha na kuwasha

Kariakoo kuna uchaguzi mpana, lakini ni zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara, na dhamana ya mwezi mmoja haina maana kubwa ikiwa kurudisha kitu kunahitaji kukipakia kwenye basi. Njia ya kati ni kununua kasha na skrini kule kulikoafikiana na bajeti, kisha UPS, nyaya na printa kuvinunua Mtwara au Lindi mjini, kwani ni vizito au ndivyo vinavyoharibika upesi. Popote ununuapo, kompyuta iwashwe mbele yako. Ingia kwenye BIOS uhakikishe haidai nenosiri la ofisi ya zamani, soma hapo namba ya prosesa na kiasi cha RAM, jaribu kila tundu la USB kwa flashi, na hakikisha Windows inasema imeidhinishwa; toleo lililovunjwa kufuli mara nyingi huja na virusi ndani yake. Dai risiti ya EFD, na namba ya mashine iandikwe humo.

Kabla ya kusafirisha, skrini ifungwe godoro la sponji upande wa kioo na isimamishwe wima, isilazwe chini ya mizigo. Ikifika, fungua kasha uisukume RAM na nyaya za ndani, kwa sababu mitikisiko ya njiani huzilegeza.

Badilisha pia betri ndogo ya sarafu iitwayo CR2032 kwenye ubao mama, hata kama haijaisha. Ikifa, saa ya kompyuta hurudi nyuma miaka kadhaa kila umeme unapokatika, na tovuti nyingi hukataa kufunguka zikidai si salama, wakati tatizo ni tarehe tu. Ni betri ya bei ndogo, na safari nyingi za fundi huanzia hapo.

Mwisho ongeza ukubwa wa maandishi hadi asilimia 125 au 150, kuza mshale wa mausi, acha kwenye skrini alama nne au tano anazozihitaji mzazi, na weka programu ya kukuwezesha kuiendesha kompyuta ukiwa mbali, kama vile AnyDesk au RustDesk. Programu hizo hutumiwa pia na matapeli, kwa hiyo mweleze mzazi kwamba namba inayotokea hapo asimsomee mtu yeyote anayepiga simu, hata akijitambulisha kuwa ni wa benki au wa kampuni ya simu, isipokuwa mwanawe aliyempigia kwa namba anayoifahamu.